Taa Yangu Haisemi Uongo

Mlio nami tangu wiki ya kwanza mnajua nilipowaacha: nimesimama mlangoni pa karakana yangu hapa Shikarpur, na binti yangu Hurmat anashuka kwenye bajaji na sanduku moja, macho yamevimba, mkononi hana mtoto.

Kwa wewe uliyeliokota gazeti hili leo, labda lilikuwa limefungiwa vitunguu, nakupa kwa ufupi. Sipendi kuirudia habari hii, lakini bila hiyo hutaelewa nilichojitendea siku ya Alhamisi.

Mimi ni Bachal, fundi wa umeme wa magari. Hurmat ameolewa na Juman, na baba yake Juman ni Sodho, msuka mota wa Jacobabad, mtu niliyejifunza naye kazi kwa fundi mmoja tukila sahani moja. Tajiri mmoja aliniletea gari la harusi ambalo feni ya rejeta haifanyi kazi. Mota yake nikampelekea Sodho aisuke upya waya za ndani. Ikarudi, nikaifunga, nikawasha. Feni haikuzunguka.

Nikapima kwa taa yangu. Taa ikawaka. Umeme unafika, feni haizunguki, basi mota ni maiti. Nikatangaza mbele ya soko zima kwamba Sodho amejibakizia mota nzima na kunirudishia mbovu ya mtu mwingine.

Watu wakaniambia, pengine umekosea, Bachal. Hapo ndipo hasira zilipopanda. Nikaichomoa ile mota, nikaitupa mferejini, nikaitisha Msahafu, nikaweka mkono juu yake na kula yamini kwamba Sodho ni mwizi.

"Taa yangu haisemi uongo," nikawaambia. Hilo ndilo neno langu la miaka ishirini, hata watoto wa mtaa huniigiza nikipita.

Sodho hakurudisha neno. Alimrudisha Hurmat, akambakiza mjukuu wetu Rabel, mtoto wa miaka miwili. Siku kumi na tisa binti yangu alilala amekumbatia gauni la mtoto, nami chumba cha pili nikijitia sisikii.

Kwetu kuna njia moja tu ya kuyamaliza mambo ya namna hiyo. Inaitwa mer. Unamwendea uliyemkosea ukiongozana na Sharifu wa kizazi cha Mtume na mwanamke wa nyumba yako aliyebeba Msahafu. Mwanamke anavua mtandio na kuuweka miguuni pa aliyekosewa. Akikubali, anakuvika ajrak begani, ile shuka yetu ya buluu na nyekundu, na yamekwisha.

Sharifu Mubin, mzee wa miaka themanini na kitu, alikubali kutupeleka. Sodho akatuma jibu: "Njooni Alhamisi. Adhuhuri ikiadhiniwa sijaona mtu, Juman anaandika talaka, na mtoto anabaki kwetu."

Nikiri jambo moja kabla ya kuondoka. Nilikuwa naenda kuomba radhi, lakini moyoni mwangu Sodho alikuwa bado ni mwizi. Radhi ilikuwa nauli tu ya kumfuata Rabel.

*

Gari niliazima kwa jirani yangu Mevo. Gari dogo, limepakwa rangi mpya ya kijani wiki iliyotangulia, linang'aa mpaka linaumiza macho. Waya zake nilizifungua mimi kabla ya kupakwa, na nilizirudisha mimi. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi nalo hata chembe.

"Bachal," Sharifu akaniambia tulipotoka mjini, "ukifika kwa Sodho usifungue mdomo. Mimi nitasema, binti yako atalia, wewe utainamisha kichwa. Hata mbuzi angeiweza kazi hiyo."

"Sawa, Sharifu."

"Umeanza tena. Nimesema usifungue mdomo."

Hurmat akacheka kule nyuma, kicheko chake cha kwanza tangu arudi. Nikamshukuru Mungu, nikajiambia leo mambo yatakwenda.

Tulikuwa hata nusu ya njia hatujafika.

"Baba, mshale," Hurmat akasema.

"Mshale gani?"

"Wa joto. Umepita katikati."

Binti huyu amekulia karakanani kwangu. Kabla hajaolewa alikuwa ananipa spana kabla sijaitaja. Nikautazama mshale. Kweli ulikuwa unapanda, tena kwa haraka.

"Ni hili jua," nikasema. "Juni hii chai inachemka bila jiko."

"Baba, sisikii feni."

Nikajitia naangalia barabara. Lakini mkono wangu ulishajua, ukawa umefika kwenye swichi ya hita na kuiwasha hadi mwisho. Mafundi mnajua, hita huuvuta moto wa injini na kuuleta ndani kwa abiria. Ulikuja wote, ukatupiga usoni.

"Bachal!" Sharifu akaruka. "Umewasha nini?"

"Hita, Sharifu. Inasaidia injini."

"Na mimi nani atanisaidia? Kufa nimekubali, mwanangu, lakini si kwa kubanikwa!"

Kilometa mbili mbele mvuke ukaanza kutoka kwenye boneti. Nikaegesha kando. Upande mmoja mashamba ya mpunga yaliyokauka, upande wa pili mfereji hauna maji. Hapakuwa na mti wala kibanda. Ilikuwa saa nne na nusu, na Jacobabad bado kilometa ishirini.

*

Nilifungua boneti. Feni ilikuwa imelala usingizi.

"Usiguse mfuniko wa rejeta," Hurmat akasema.

"Unamfundisha nani?"

Nikazima injini, nikaacha swichi imewashwa, nikaanza kazi. Fyuzi: nzima. Rilei: niliichomoa na kuirudisha, ikagonga, tak. Nikalisukuma panga la feni kwa kidole, likazunguka laini bila kukwama. Nikaitoa taa yangu.

Taa yenyewe ni balbu ya pikipiki yenye waya mbili. Moja ina kibanio, nyingine ina sindano. Kibanio nikakibana kwenye hasi ya betri, sindano nikaichomeka kwenye soketi ya feni. Taa ikawaka, nyeupe kabisa.

"Mota imekufa," nikasema. Na nikiri hili pia: nilisema kwa raha kidogo. Sisi mafundi tuna ugonjwa huo, tukiutaja ubovu tunajiona tumeshautengeneza.

"Kama ile ya harusi?" Sharifu akauliza. Alikuwa ameketi chini kwenye kivuli cha gari, amejifunika kitambaa kichwani.

"Kama ile ile, Sharifu. Taa haisemi uongo."

Lori la mifuko ya mpunga likasimama. Dereva akachungulia, mtu wa masharubu, na pale mbele kwake viti ni vitupu.

"Mzee amechoka huyo. Pandeni, naenda Jacobabad."

Hurmat alishaanza kuuchukua Msahafu wake kwenye kiti. Nikamzuia kwa mkono.

"Asante, kaka. Mimi ni fundi. Nimeshajua kinachosumbua."

Dereva akatazama mvuke, akanitazama. "Fundi wewe? Basi Mungu awasaidie wenye magari," akasema, akatia gia, akaondoka zake.

"Baba!"

"Mwanangu, niende kuomba radhi nikiwa nimepakiwa kwenye lori la mpunga, na gari limekufa njiani? Sodho atacheka mwaka mzima."

"Acha acheke. Acha acheke miaka kumi!" Sijawahi kumsikia akinipandishia sauti. "Mimi namtaka mwanangu."

Nikamwambia injini ikipoa tutatia maji na kwenda polepole, tukisimama kila kilometa mbili. Nilijua ni uongo, kwa jua lile tusingefika hata alasiri. Na baada ya lori lile hakikupita tena chombo chochote.

Sharifu alikuwa ameanza kusinzia. Hurmat akainama kwenye injini, ameishika taa, anaigeuzageuza.

"Baba."

"Nini tena?"

"Mguu wa taa, hiki kibanio, umeubana kwenye betri."

"Ndiyo. Ubane wapi, sikioni kwangu?"

"Na feni, mguu wake umebanwa kwenye betri?"

"Umefungwa kwenye bodi. Ile waya nyeusi, pale kwenye bolti."

"Sasa kwa nini taa huisimamishi pale pale feni inaposimama?"

Nikacheka. Wallahi nilicheka. Miaka ishirini ya kazi, halafu mtoto uliyemfunga nepi anakuuliza taa isimame wapi.

Hakunisubiri. Alikitoa kibanio kwenye betri, akakibana kwenye ile bolti, sindano akaichomeka palepale kwenye soketi. Taa haikuwaka. Akakirudisha kwenye betri, ikawaka. Akakirudisha kwenye bolti, ikazima.

Akakiacha pale. Akanitazama.

Nikainama. Bolti ilikuwa ya kijani. Bodi chini yake ya kijani. Nilikuwa nimeifunga waya ya feni juu ya rangi mbichi, rangi imeingia mpaka kwenye meno ya bolti, na umeme ulikuwa unaingia kwenye mota na kukosa pa kutokea. Mota haikuwa na kosa lolote. Aliyeifunga ndiye mwenye kosa.

Nilisimama pale jasho likinitoka, na kitu kingine kikanijia, nikashika ukingo wa boneti uliokuwa unaunguza na sikuhisi.

Gari la harusi. Lilikuwa jekundu. Lilipakwa siku tatu kabla ya sherehe. Waya niliifunga mimi, bolti ya upande uleule, na taa niliibana kwenye betri, maana ndivyo ninavyopima siku zote.

Ile mota niliyoitupa mferejini ilikuwa nzima.

"Baba," Hurmat akasema taratibu, "na ile ya harusi?"

"Nyamaza. Sharifu asisikie."

*

Kisu kilikuwa mfukoni. Kukwangua rangi kwenye bolti ni kazi ya dakika moja. Kwangua, kaza, tia maji, nenda. Tungefika kabla ya adhana.

Sikukwangua. Nikikwangua, feni itazunguka, Sharifu ataamka na kuuliza ilikuwa na nini. Nami mkono wangu ulikuwa juu ya Msahafu mbele ya watu mia, na kumi kati yao walikuwa wateja wangu.

"Mwambie," Hurmat akasema. "Baba, ulikosea tu. Hukujua."

"Niliapa."

"Uliapa hujui. Sasa umejua. Twende ukamwambie, hata Sodho mwenyewe..."

"Nikamwambie nini? Kwamba nimemwita mwizi kwa sababu sijui kufunga bolti? Nani ataniletea gari tena, Hurmat?"

"Na mimi nani ataniletea Rabel?"

Alisema hivyo bila kulia. Nilitamani alie, nipate la kufanya. Nikabaki nimeshika kisu kilichofungwa, nikiangalia barabara ya kule tulikotakiwa tuwe tumeshafika.

Ndipo vumbi likatokea upande wa Jacobabad. Pikapu nyeupe yenye mlango mmoja wa buluu. Mlango ule nilimfungia Sodho mimi, miaka sita iliyopita, siku ya posa ya Hurmat.

Sodho akasimama mbele yetu. Akashuka kwa taabu kidogo, magoti yanamsumbua. Alikuwa amevaa nguo safi za Ijumaa wakati ni Alhamisi. Akaenda upande wa pili wa pikapu, akafungua, akamtoa Rabel.

"Alfajiri aliamka akimwita mama yake," akasema, hakuniangalia. "Nikaona nisiisubiri adhuhuri. Nikasema niwafuate njiani."

Hurmat alikimbia. Mtoto alimtazama kwanza kama mgeni, akatazama huku na kule, kisha akanyoosha mkono akamshika pua. Hurmat akaanguka na magoti palepale kwenye lami, mtoto kifuani, na sasa ndipo alipolia.

Sharifu akaamka. "Tumefika?"

"Mmefika, Sharifu," Sodho akasema, akamwinamia na kumshika mkono kwa heshima.

Mzee akajikongoja, akasimama, akarekebisha kilemba. Akaanza maneno ya mer, yale ya kale, kwamba tumekuja mlangoni kwako wala mlango hatuuoni, lakini barabara ya Mungu nayo ni ua wa nyumba. Hurmat akavua mtandio ili auweke miguuni pa mkwewe. Haukufika chini. Sodho aliudaka, akamfunika nao kichwa tena.

"Mtandio wa mwanangu haugusi lami," akasema.

Nikainamisha kichwa, kama nilivyoagizwa. Na kwa mara ya kwanza haikuwa kwa kuigiza. Machozi yalikuwa yananitoka, nashindwa kuyafuta.

Sodho akafungua pikapu, akatoa ajrak. Mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Alitoka nayo nyumbani. Mnaelewa? Mtu yule alitoka nyumbani kwake ameshanisamehe.

Akaikunjua. Akapiga hatua mbili kunijia. Halafu akatazama nyuma ya bega langu, kwenye boneti iliyo wazi. Ndivyo tulivyo, fundi hapiti kwenye boneti iliyo wazi hata anakwenda msibani.

"Gari lina nini?" akauliza.

"Feni."

"Feni ina nini?"

Hurmat alikuwa nyuma yake, Rabel begani. Aliniashiria kwa kichwa taratibu: sema. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema. Rangi, Sodho. Rangi tu, na ile nyingine pia ilikuwa ni rangi. Nilikuwa nayo kwenye ncha ya ulimi, nawaapia.

"Mota imekufa," nikasema.

Hurmat akafumba macho.

*

"Pole," Sodho akasema, na kweli alikuwa ananionea huruma. "Usijali, ninayo moja garini, nimeisuka jana. Chukua hiyo. Lakini ngoja nipime hii kwanza, wakati mwingine ni brashi za ndani tu zimeisha."

"Acha, mkwe. Jua kali."

"Dakika moja."

"Sodho, acha. Utajichafua."

Akanitazama kwa mshangao. Kisha akaitundika ajrak kwenye mlango wa gari, akaleta waya mbili, akachomoa soketi ya feni, akaipa mota umeme dairekti kutoka kwenye betri, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi.

Feni ikavuma. Ilizunguka kwa nguvu mpaka mtandio wa Hurmat ukapepea.

"Maiti imefufuka!" Sharifu akapiga makofi. "Sodho, wewe una baraka!"

Sodho hakucheka. Aliziacha waya zikiwa zimebanwa pale. Akaweka kidole kwenye waya nyeusi na kuifuata taratibu, kona kwa kona, mpaka mwisho. Pale akakaa kitambo, ameinama, mgongo wake kwangu. Nikamwona akikwangua kitu kwa ukucha. Akauangalia ukucha. Ulikuwa wa kijani.

"Lile gari la harusi," akauliza bila kugeuka, "lilikuwa limepakwa rangi mpya?"

Nikafuta jasho shingoni.

"Jekundu!" Sharifu akajibu kwa furaha. "Nilialikwa mimi. Nililiegemea kidogo tu, kanzu yangu mpaka leo haijatakata."

Feni ilikuwa inavuma. Sodho akajinyoosha, akajifuta mkono kwenye ile nguo yake safi.

"Mota yangu ilikuwa nzima," akasema.

"Sodho..."

"Mke wangu akipita sokoni, wanawake wanakumbatia mikoba yao. Unalijua hilo? Juman alipigana na watu wawili. Kuna usiku mmoja nilikaa nikajiuliza, labda kweli nilizichanganya mota. Labda ni uzee. Nilizifungua mota zote za karakana, moja moja, nikiitafuta yako."

Sharifu akaacha kutabasamu. Taratibu mzee alianza kuelewa, na uso wake ukashuka mbele ya macho yangu.

"Sikiliza, Bachal," Sodho akasema. "Kukosea kila fundi anakosea. Mimi nimeshaunguza mota za watu nikasingizia umeme wa serikali. Uliapa kwa kitu ulichokiona kwa macho yako. Kwa hilo nakusamehe, na ile shuka ni yako. Nijibu moja tu. Sasa hivi uliponiambia mota imekufa, ulikuwa umeshaiona bolti hii?"

Ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi. Mtu kanishikia mlango kwa mikono miwili. Nilitakiwa kuingia tu.

"Sikuiona," nikasema. "Wallahi. Ndiyo kwanza naiona."

Sodho akatingisha kichwa taratibu, mara mbili. Akasogea pembeni ili nione vizuri. Hapo ndipo nilipoona alichokuwa ameshakiona yeye tangu mwanzo.

Kibanio cha taa yangu kilikuwa bado kimeuma ile bolti ya kijani.

"Taa yako haisemi uongo," Sodho akasema. "Sivyo?"

Nikanyoosha mkono kukitoa, nikaurudisha.

"Mtu hasimamishi taa hapa kwa bahati mbaya. Nani aliiweka?"

"Mimi, Baba," Hurmat akasema.

"Ikawaka?"

"Haikuwaka."

Sodho akaichukua ajrak pale mlangoni. Akaanza kuikunja, akafika nusu, akasita. Alikuwa amechoka. Sijawahi kumwona mtu amechoka vile saa sita ya mchana.

"Mwanangu," akamwambia, "wewe sijawahi kukusikia ukisema uongo nyumbani kwangu. Hata siku uliyovunja birika la mama mkwe wako ulikuja na vipande mkononi. Baba yako huyu simwamini tena. Nitakuamini wewe. Ukisema hakuona, basi hakuona, tunaingia garini sote tunakwenda nyumbani, na Juman yuko mlangoni anasubiri. Ukisema aliona..." Akamtazama Rabel, hakumalizia.

Sharifu alikuwa ameushika Msahafu kwa mikono yote miwili. Feni ilikuwa ingali inazunguka, hakuna aliyekumbuka kuizima.

Hurmat aliniangalia mimi kwanza. Na hili nalo nalikiri, maana nimeapa kuwaambia yote: nilimwomba kwa macho aseme uongo.

Akamhamishia mtoto bega la pili. Akavuta pumzi.

"Baba," akasema.

Tukaitika wote wawili.